Komando Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Juni

Baba Kijino ameondoka alfajiri kwenda kambini ng'ambo ya mto. Wanafyeka njia za wawindaji kabla msimu wa kwale haujafunguliwa. Atarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Ameniachia mtoto, funguo na Komando.

Komando ni mbwa wa miezi saba. Si wa kulinda nyumba. Kazi yake, akikua, ni kukaa kimya bunduki inapolia, kuangalia ndege kaangukia wapi, kisha kwenda kumchukua kwa mdomo na kumleta. Tajiri wa Baba Kijino alipata mbwa wawili wa tumbo moja. Dume akatupa sisi tumlee. Jike akampa wifi yangu, maana mume wa wifi naye anafanya kazi hukohuko. Jumamosi tarehe 15 Tajiri atawajaribu wote wawili kwa bunduki. Atakayeweza atabaki kwa waliomlea. Atakayeogopa atapandishwa lori la Jumatatu, akafungwe mnyororo kwenye geti la kiwanda cha mbao.

Nimeliona lile geti. Mbwa aliyekuwepo mwaka jana alizunguka mpaka ardhi ikafanya mfereji wa duara.

Baba Kijino alisema nimlishe, nimwache acheze, habari za bunduki nimwachie yeye. Alisema mara mbili. Lakini nikawaza, siku kumi na moja zipite bure? Mume arudi akute mbwa ameshaiva, si atafurahi? Nikaenda kwa Kanali, mlinzi wa mashamba, yule anayefukuza ndege kwa bunduki. Hajawahi kuwa kanali wa kitu chochote, ni kofia tu. Nikamwomba apige risasi moja, karibu, Komando aizoee mara moja tumalize. Akauliza karibu kiasi gani. Nikamwambia kama watu wanaosalimiana.

Akapiga.

Komando hakupita mlangoni. Alipita kwenye uzio, katikati yake, akaondoka na kamba yangu ya nguo. Nimemkuta chini ya kitanda cha Kijino, shingoni ana fulana tatu za mtoto na soksi moja ya baba yake. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Bado yuko hukohuko.

Kesho atakuwa sawa.

Jumanne, 4 Juni

Hayuko sawa.

Mpaka jana asubuhi alikuwa haogopi chochote. Leo anaogopa mlango, kijiko, kikohozi changu, na Kijino akipiga chafya. Nimemsukumia bakuli chini ya kitanda. Anakula akilala, jicho moja kwangu, kama mtu anayekula kwenye nyumba ya mdai wake.

Nimepata wazo. Pamba! Nikamziba masikio vizuri, taratibu, huku nikimwimbia. Akakaa dakika moja. Nikasema Mungu mkubwa. Akatikisa kichwa, pamba zikatoka, akazila zote mbili.

Saa tisa wifi akaja na Malkia wake, yule jike. Kaja kusalimia, anasema, lakini salamu ilikwisha kabla hajakaa. Akaanza: Malkia alilala fofofo mafundi wakigonga mabati juu ya kichwa chake. Malkia akisikia pikipiki inapiga mlipuko anageuka kuangalia ni ya nani. Malkia hivi, Malkia vile. Malkia mwenyewe amekaa sakafuni kwangu, mkia umekunjwa, kama aliyekuja kupeleleza mchumba.

Wifi akauliza Komando yuko wapi. Nikamjibu anapumzika. Akainama, akaona mkia umetokeza chini ya kitanda. Akasema kweli wifi, anapumzika, tena anapumzika kwa kutetemeka.

Nikacheka naye. Nilipofunga mlango nikakaa chini ya kitanda na mwanangu wa pili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo. Kosa ni langu, hilo najua. Kwa hiyo dawa pia iwe yangu, Baba Kijino asijue.

Mpango wa leo: maini. Nitampa maini, akianza kula nagonga mifuniko miwili ya sufuria. Mlio na utamu, mlio na utamu, mpaka kichwani mwake viwe kitu kimoja. Nilijiona nina akili mpaka nikacheka peke yangu jikoni.

Nikaweka maini mlangoni mwa chumba. Akatoka kwa tumbo, hatua kwa hatua, pua mbele. Akaonja. Akaonja tena. Nikasema sasa. Nikagonga.

Pengine niligonga kwa furaha kupita kiasi. Mfuniko mmoja umepinda.

Komando karudi chini ya kitanda na sasa maini nayo anayaogopa. Nikimwonyesha kipande anageuzia uso ukutani. Aliyefurahi ni Kijino. Amecheka mpaka jino lake moja likaonekana lote, kisha akalia anataka mlio mwingine. Nimegonga kutwa nzima. Nikiacha, analia. Nikigonga, kitanda kinatetemeka.

Maini kala paka wa jirani.

Ijumaa, 7 Juni

Mtoto huiga mzazi. Kijino nikiogopa mende anaogopa, nikimcheka mende anamcheka. Kwa hiyo Komando anahitaji kuona mama yake haogopi mlio. Anahitaji kuona mlio ni jambo la raha.

Nikafungua dirisha la chumba ili anione kutoka chini ya kitanda. Nikatoka uani na mfuniko mzima na mfuniko uliopinda. Nikagonga, nikaruka, nikatabasamu. Nikagonga, nikazunguka, nikapiga kigelegele. Nusu saa. Jasho linanitiririka, natabasamu tu.

Fundi cherehani, jirani yetu wa upande wa pili wa uzio, akasimamisha mashine yake akatoka nje. Akauliza kwa heshima, shemeji, kuna harusi? Nikamwambia ni mazoezi. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya mbwa. Akaangalia uani kote. Akasema mbwa hamuoni. Nikamwambia yupo ndani, anatazama.

Akarudi kwenye cherehani. Hakushona kwa muda.

Nilipoingia nikakuta Komando amelala amenigeuzia matako. Hajaona hata mruko mmoja.

Zimebaki siku nane.

Jumapili, 9 Juni

Leo nimekata tamaa kabisa.

Asubuhi nilikwenda kuliona lile geti tena, sijui kwa nini. Mnyororo bado upo. Kibao cha kukaa mbwa hakipo, ni changarawe tu na bakuli lenye kutu. Vumbi la mbao linaruka pale kama moshi. Mlinzi akaniuliza kama nina shida. Nikamwambia naangalia tu. Akasema watasikia raha kupata mbwa mpya, huyu wa mwisho hakumaliza mwaka.

Nimerudi na miguu mizito. Mchana mawingu yakafunga, radi moja kubwa ikapiga. Komando akatoka chini ya kitanda, akagonga meza, akagonga ukuta, akarudi chini ya kitanda, akatoka tena. Meno yanagongana. Kijino alikuwa amelala kitandani, nikaogopa atamwamsha. Mbeleko ilikuwa bado mabegani mwangu. Sikufikiri. Nikamkamata Komando, nikamtupa mgongoni, nikamfunga kama ninavyomfunga mwanangu.

Akatulia.

Radi ya pili ikapiga. Nikasubiri ashtuke. Alichofanya ni kuniwekea kidevu begani na kushusha pumzi ndefu, kama mzee aliyevua viatu. Radi ya tatu ikapiga. Akakoroma!

Nimetembea naye chumbani mpaka mvua ikaisha. Mgongo unauma, mate yake yameniingia shingoni, na sijawahi kufurahi hivi tangu Kijino azaliwe. Nimeipata dawa. Ilikuwa mabegani mwangu siku zote.

Jumatatu, 10 Juni

Maajabu juu ya maajabu. Komando mgongoni, mifuniko mkononi. Nikagonga: kimya. Nikagonga tena: akaramba sikio langu. Nikapuliza mfuko wa karatasi nikaupasua: akapiga miayo. Nikaangusha sinia makusudi: akaangalia sinia, akaniangalia mimi, akaona ni mimi niliyeliangusha, basi.

Tatizo ni mbeleko. Imeshonewa mtoto. Miguu ya Komando inachomoka, mkia unanipiga mbavuni. Nikaenda kwa fundi cherehani na kipande cha turubai. Nikamwomba anishonee mbeleko imara. Akauliza vipimo vya mtoto. Nikampa. Akaandika, akaacha kuandika. Akauliza mtoto ana umri gani. Miezi saba. Akauliza kilo ngapi. Kumi na nne. Akaniangalia kwa huruma, akasema hongera. Nikamwambia aache matundu manne ya miguu, na moja nyuma.

Akauliza la nyuma ni la nini. Nikamwambia la mkia.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema itakuwa tayari kesho jioni.

Jumatano, 12 Juni

Leo bunduki yenyewe.

Nimemwachia jirani Kijino, nimekwenda mashambani na Komando mgongoni ndani ya turubai jipya. Fundi ameshona vizuri, hata kamba za mabegani kaziwekea mto. Kanali aliponiona akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia safari hii tunaanza mbali. Hatua mia. Akapiga. Komando akainua sikio moja. Hatua hamsini. Akapiga. Akainua sikio lilelile. Tukasogea mpaka nikasikia harufu ya baruti. Akapiga. Komando akatoa ulimi na kukilamba kisogo changu.

Nikakaa chini pale kwenye majani nikalia. Machozi ya furaha. Komando bado mgongoni.

Kanali ana tabia ya kuharibu mambo. Akajikuna chini ya kofia akasema mama, nakupongeza, lakini huyu kwale atamfuata akiwa amebebwa? Nikamweleza kwamba ushujaa unaanza moyoni, miguu inafuata. Akauliza imefuata? Nikamwambia hatujafika huko. Akasema mama, leo Jumatano.

Wivu tu. Kalinda miaka ishirini hajafundisha hata kuku.

Alhamisi, 13 Juni

Niliambiwa na nani nipite bombani na Komando mgongoni! Foleni ya watu wanane na ndoo zao. Wa tisa, wifi.

Alicheka mpaka akashika bomba. Akaniuliza wifi, meno yameshaota, utamwachisha ziwa lini? Akauliza kama Jumamosi Tajiri naye atabebwa, au mgongo ni mmoja. Akaambia foleni nzima kwamba kaka yake alioa mwanamke mmoja akapata punda wa mbwa. Watu walijaribu kutocheka. Mmoja aliweka uso ndani ya ndoo.

Nikamjibu kwa utulivu kwamba tutaonana Jumamosi. Nikachota maji nikaondoka. Ndoo kichwani, mbwa mgongoni, Kijino kifuani. Kijino naye ana kesi. Tangu juzi akiona mgongo umechukuliwa anavuta sikio la Komando na kulia. Nina watoto wawili wanaogombea mgongo, na mgongo wenyewe haunyooki.

Nyumbani nikaona nijaribu kidogo tu. Nikamshusha Komando, nikamwacha asimame kwa miguu yake minne, nikagonga mfuniko. Mara moja.

Chini ya kitanda.

Nadhani niligonga vibaya. Ulikuwa ule uliopinda.

Ijumaa, 14 Juni

Baba Kijino amerudi saa nane, mweusi kwa jua, mikono imejaa malengelenge. Kamrusha Kijino juu, kanisalimia, kisha swali la kwanza: mwanajeshi wetu hajambo? Nikamwambia hodari. Neno lilitoka lenyewe.

Akapiga makofi kumwita. Mara mbili, kwa furaha.

Komando akapita katikati ya miguu yake akaingia chini ya kitanda.

Baba Kijino akabaki na mikono hewani. Nikamwambia ni aibu ya furaha, hajakuona siku nyingi. Akainama akamwangalia. Akasema anatetemeka. Nikamwambia ni furaha nyingi. Akaniangalia, nikajishughulisha na nepi.

Kisha akaliona turubai limetundikwa kambani. Akalishusha. Akaingiza mkono tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akauliza hii nini. Nikamwambia ya kubebea kuni. Akaingiza kidole tundu la tano. Akauliza na hili? Nikamwambia kuni nyingine ndefu.

Sikuweza kumwambia. Nilitaka. Nilifungua mdomo. Lakini akawa ananisimulia jinsi alivyowaambia wenzake kambini kwamba ana mbwa hajawahi kuona mwenye moyo kama ule, kwamba Komando alipokuwa mdogo radi ikipiga yeye anakimbilia nje kuitafuta. Alisimulia akinawa miguu, anacheka peke yake. Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika ili yatoke kifuani, maana ndani hayakaliki.

Tulifika uwanda wa majani saa mbili. Tajiri na wageni wake wawili wenye bunduki. Mama Filimbi, yule mwalimu wa mbwa anayetoka mbali, mwanamke mfupi asiyecheka, filimbi shingoni, ndiye wa kuangalia. Wifi na mumewe, nguo za kutokea. Malkia kachanwa manyoya.

Malkia akaanza. Bunduki ikalia, akakaa tu kama yuko sebuleni. Kwale akaanguka, akaenda mbio, akamchukua. Kumrudisha ndiyo ikawa kazi. Alimtafuna njiani. Mume wa wifi alimvuta, Malkia akavuta, aliyefika kwa Tajiri alikuwa nusu kwale na manyoya mdomoni. Tajiri akasema si mbaya, hakuogopa. Wifi akanitazama, akashika kiuno.

Zamu yetu. Baba Kijino akanyoosha mkono nimpe kamba ya Komando. Nikamwambia ngoja. Nikatoa turubai kwenye kikapu. Nikamfunga Komando mgongoni, mbele ya watu wote, mguu kwa tundu lake, mkia kwa tundu lake. Sikumtazama mume wangu. Nikamwomba Tajiri risasi ya kwanza aisikie akiwa hapo. Nikasema mengine nitaeleza baadaye. Mgeni mmoja akageuka akawa anacheka na mti.

Tajiri akapiga. Komando hakutikisika. Nikahisi kichwa chake kinapita juu ya bega langu, kinamfuata kwale hewani, mpaka chini. Aliona alipoangukia! Mama Filimbi akaacha kutafuna kijiti chake. Nikamfungua haraka, nikamweka chini, nikamwambia nenda mwanangu. Akaenda. Mkia juu, pua chini, moja kwa moja, mrembo kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Baba Kijino akanishika mkono.

Kwale wa pili akaruka. Tajiri, kwa kunogewa, akapiga tena.

Majani yakatikisika mara moja, kisha hayakutikisika. Tukaita. Mama Filimbi akapuliza. Baba Kijino akaingia majanini mpaka kifuani, akatafuta nusu saa. Komando hakuonekana, na kwale wa kwanza hakuonekana. Tajiri akaangalia saa. Akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma, kwamba akipatikana awe tayari, lori linapita Jumatatu saa moja.

Njiani nikamweleza Baba Kijino yote, tangu Kanali. Sikuficha hata fulana. Alimbeba mtoto, mimi nikabeba turubai tupu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kusimama. Alisema tu kwamba Komando alikuwa haogopi kitu.

Tukafungua mlango. Dirisha la chumba tulikuwa tumelisahau wazi. Mkia chini ya kitanda.

Amekimbia mwendo wa saa nzima peke yake mpaka nyumbani. Nikalala kifudifudi kumtoa. Alikuwa amelalia shuka la Kijino lililodondoka, na katikati ya miguu yake ya mbele kuna kwale. Mzima wa manyoya, amekaa vizuri kama kapangwa sokoni. Komando alikuwa amefanya kazi yake yote. Amekosea tu mtu wa kumpelekea.

Baba Kijino akamchukua yule ndege. Akamgeuza, akamminya kifuani kwa kidole gumba, akampuliza manyoya. Kisha akatoka naye mbio. Amesahau viatu.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi wamekuja wenyewe, Tajiri na Mama Filimbi. Nyumba ilikuwa haijafagiliwa. Mama Filimbi hakuangalia nyumba. Alikaa sakafuni, akamweka kwale mapajani, akamkagua kama nesi. Akasema hakuna ubavu uliovunjika, hakuna alama ya jino. Kabebwa mwendo wote huo, na mbwa aliyejaa hofu, na hajaminywa. Akasema mdomo laini namna hii ameutafuta miaka sita.

Wifi alikuwa dirishani, eti kaja kuomba kiberiti. Mama Filimbi akamwambia Tajiri kwa sauti ya kusikika kwamba hofu inatibika, kutafuna ndiyo kazi ngumu. Wifi akaondoka bila kiberiti.

Tajiri akafikiri. Akasema lori litapita bila Komando. Anatupa siku sitini. Siku ya sitini atapiga risasi moja, na mbwa akikimbia tena hatasikiliza mtu, hata Mama Filimbi.

Nililia. Baba Kijino alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia kitu ambacho hakipo.

Kabla ya kuondoka Mama Filimbi akaniita kando. Kwanza akalichukua turubai akaliweka kwenye mkoba wake. Kisha akanipa masharti. Mlio mmoja kwa siku. Mmoja. Kutoka mbali, Komando akiwa anakula, amesimama kwa miguu yake. Asiponyanyua kichwa, kesho yake sogea hatua chache. Akinyanyua, rudi nyuma. Nisibembeleze, nisicheze ngoma, nisiwe na haraka. Alirudia hili la haraka akinikazia macho mpaka nikaangalia chini. Siku sitini, milio sitini, atakuwa mbwa.

Nimeelewa kabisa. Nimeandika yote hapa ili nisisahau.

Jumatatu, 17 Juni

Lori limepita saa moja. Nilisimama dirishani nimemshika Komando ukosi mpaka vumbi likatulia.

Baba Kijino amerudi kambini. Mlangoni alinifanya nirudie masharti mara tatu. Nikayarudia bila kukosea. Akaniambia ananiamini. Moyo wangu ulijaa mpaka nikashindwa kumuaga vizuri.

Leo mlio wa kwanza. Fundi cherehani amekwenda mbali, mwisho wa njia, amegonga kopo mara moja, Komando akila. Hakunyanyua kichwa! Sikio tu. Siku ya kwanza imekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Na hapo ndipo nikaanza kuwaza. Sitini ni nyingi. Tajiri anaweza kubadilisha mawazo. Mama Filimbi anaweza kuugua. Wifi anaweza kusema maneno. Na mtoto wangu akae na hofu miezi miwili, kwa nini? Mama Filimbi mwenyewe amesema: milio sitini, atakuwa mbwa. Hakusema lazima mimi nizeeke katikati.

Fundi cherehani ameniambia jambo. Kule bondeni, mafundi wa barabara wanapasua mwamba kesho. Wameshatoboa mashimo ya baruti, yatalipuliwa moja baada ya jingine tangu saa nne. Na ni mbali, upande wa pili wa bonde, kama masharti yanavyotaka. Nitambebea chakula, atakula akiwa amesimama kwa miguu yake. Sitambembeleza. Sitambeba. Kila kitu kama nilivyoagizwa.

Baba Kijino akirudi atakuta kazi imekwisha na siku hamsini na nane zimebaki za kupumzika.

Nimemtuma mtu akamuulize msimamizi wao idadi ya mashimo. Ni sitini na mbili. Mawili ya akiba.

Tutatoka mapema ili tupate mahali pazuri pa kukaa. Komando amelala miguuni pangu, anaota, anapiga mkia sakafuni. Hajui bahati iliyomwangukia.